Mtambo wa chapa uliokwama usiupige nyundo

Wanunuzi wa vyuma vikuukuu hapa Mombasa hawaulizi kitu kilikuwa kikifanya kazi gani. Wanauliza kina kilo ngapi. Mtambo wa zamani wa kupiga chapa, ule wa kanyagio chini na gurudumu kubwa ubavuni, hata ukiwa wa saizi ndogo unakaribia nusu tani, kwa hivyo kwao ni mzigo wa kupendeza sana. Na wenye mitambo hiyo, au zaidi watoto na wajukuu wa wenyewe, huwa na jibu moja tu: "Chukueni, umekwama miaka mingi, ushakufa."

Leo nataka tulizungumze neno hilo "ushakufa". Mimi si mpiga chapa. Nina diploma ya ufundi wa mitambo na kalamu ya kuandikia makala haya, basi. Lakini kwa muda wa miezi miwili nimekuwa nikiingia katika nyumba moja ya Mji wa Kale ambayo marehemu mwenyewe, Mwenyezi Mungu amrehemu, alikuwa na matbaa katika chumba cha chini. Alipiga kadi za arusi, vitabu vya risiti vya maduka, na matangazo ya maulidi. Sasa warithi wanataka kugawana, nyumba itolewe vitu, na mnunuzi wa vyuma ameshakuja mara mbili na mizani yake. Aliyekataa ni mjukuu mmoja wa kike. Alinijia akaniambia, "Ami, ukizunguka huo utakuwa na bei nyengine, na pengine hautauzwa kabisa." Kwa hivyo suala lilikuwa hilo: je, unazunguka?

Kabla sijafika huko, niseme kwa nini naona jambo hili linatuhusu sisi watu wa pwani. Kazi ya chapa haikutufikia kutoka bara, ilianzia huku ikapanda. Sayyid Barghash, aliyetawala Unguja kuanzia 1870 hadi 1888, aliweka matbaa yake mwenyewe na vitabu vya dini vikachapwa hapo. Gazeti la African Standard, ambalo leo watu wanalijua kama gazeti la Nairobi, lilianzishwa Mombasa mwaka 1902 na A. M. Jeevanjee, likahamia Nairobi 1910. Na mwanzoni mwa miaka ya 1930 Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alitoa katika mji huu Sahifa, kisha Al-Islah, akizungumza na watu wake kwa Kiswahili cha hati za Kiarabu. Kazi hiyo ya hati za Kiarabu si nyepesi kwa herufi za risasi. Herufi ya Kilatini ina umbo lake kubwa na dogo, imekwisha. Herufi nyingi za Kiarabu zina umbo la mwanzo, la kati, la mwisho na la kusimama peke yake, na lazima zishikane, kwa hivyo mpangaji herufi anahitaji sanduku la vijumba vingi zaidi na macho ya mwewe. Vitu vya namna hii vikienda kwenye tanuri ya kuyeyushia vyuma, havirudi.

Tuurudie mtambo wetu. Ni Chandler & Price, uliotengenezwa Cleveland, Marekani. Kampuni hiyo iliundwa 1881, na mpangilio wa mashine yake ulitokana na ule wa George Gordon wa New York, aliyekuwa akidai kwamba Benjamin Franklin alimjia ndotoni akamwonyesha jinsi ya kuutengeneza. Kila mtu na ndoto zake. Waingereza nao walikuwa na mitambo ya sampuli hiyo, mmoja ukiitwa Arab, wa kiwanda cha Josiah Wade kule Halifax. Jina lisikuchanganye, haukutoka Arabuni.

Namna unavyofanya kazi ni rahisi ukiutazama kwa utulivu. Kuna mabamba mawili ya chuma yanayotazamana kama taya mbili. Bamba la nyuma hushika herufi, zilizobanwa ndani ya fremu kwa vipande vya mbao na kabari. Bamba la mbele hushika karatasi. Juu kuna sahani ya mviringo ya wino. Taya zinapofunguka, rola hushuka kutoka kwenye sahani, zikapita juu ya herufi na kuzipaka wino, na mpiga chapa hutoa karatasi iliyochapwa akaweka mpya. Taya zinapofunga, karatasi hukandamizwa kwenye herufi. Kinachoyaendesha yote hayo ni kanyagio, ambalo huzungusha shafti yenye gurudumu kubwa. Mwisho wa shafti pana gia ndogo, nayo huzungusha gia kubwa iliyo ubavuni. Na gia kubwa huvuta mikono miwili ya chuma iliyo kushoto na kulia mwa mabamba. Pia kuna mkono mmoja mdogo, upande wa mpiga chapa, wa kuondoa mkandamizo karatasi ikikaa vibaya. Shika hayo akilini, kwa sababu mtambo ukikwama umekwama katika moja ya mahali hapo.

Jambo la kwanza, na ndilo lililonifanya niandike: usitumie nguvu. Fremu, mikono, gia na gurudumu, vyote ni chuma cha kusubu, yaani chuma kilichoyeyushwa kikamiminwa katika kalibu. Chuma hicho hubeba mkandamizo mkubwa bila kulalamika, lakini hakipindi. Ukikipiga nyundo kinavunjika kama chungu. Na kukiunga si sawa na kuunga geti la nyumba. Ni lazima kipashwe moto taratibu, kitiwe fimbo za nikeli, kisha kipoe taratibu, ama sivyo kinapasuka tena kando ya kiungo. Kwa sababu hiyo hiyo usikichome kwa moto wa gesi ili kulegeza pini. Sehemu moja ikiwa moto na ya pili baridi, ufa unaingia. Kijana mmoja wa nyumba ile alikuwa ameshaleta mota ya pampu ya maji aifunge kwa mkanda, "tuupe stata". Mota haijui kwamba kuna kitu kimezuia. Itaendelea kuvuta mpaka jino la gia litoke, na hapo ndipo kweli utakuwa umekufa.

Kwa hivyo tulianza kwa kuutoa kila kisichohitajika. Rola kwanza. Hukaa kwenye ndoana zenye springi, na zikiachwa miaka juu ya sahani hugandana nayo. Rola za kale zilisubiwa kwa gundi na sukari guru, nazo kwa joto letu na unyevu wetu huyeyuka zikawa kama asali iliyolala. Nimeona zilizotiririka mpaka kwenye reli. Za raba hugeuka ngumu au hubonyea upande mmoja. Vyovyote zilivyo, zitoe, uzifunge gazeti, uandike ipi ya juu na ipi ya chini. Kisha toa fremu ya herufi. Kisha ondoa karatasi zilizotandikwa kwenye bamba la mbele, kwa sababu wako watu ambao mtambo wao ulikwama ukiwa umefunga kabisa, na sababu ni matandiko mazito kupita kiasi: taya zimeuma, haziwezi kuachia. Ukivuta matandiko karatasi moja moja, na ukajaribu mkono ule wa kuondolea mkandamizo, mara nyingi kazi yote inakwishia hapo. Piga picha za simu kabla hujafungua chochote. Baada ya siku kumi hutakumbuka ndoana ipi ilikuwa wapi.

Hapo naweka neno la tahadhari juu ya zile herufi. Ni mchanganyiko wa risasi, antimoni na bati. Zikikaa kwenye unyevu hutoa unga mweupe, na unga huo ni sumu. Usiupulize kwa mdomo, usizifagie kavu, watoto wasizichezee, na unawe mikono kwa sabuni kabla hujagusa chai.

Baada ya hapo ni mafuta na subira, na subira ndiyo ilikuwa nyingi. Watu hudhani kilichoushika mtambo ni kutu. Kwetu huku kutu ipo, hewa ya bahari haina huruma, lakini mara nyingi kilichoshika zaidi ni mafuta yenyewe, yale yaliyotiwa zamani yakakauka. Na vibaya zaidi ni mafuta ya kupikia. Fundi akikosa oili hutia mafuta ya kupikia, mtambo unateleza wiki mbili, kisha yale mafuta yanakula hewa na kuwa gundi. Ni jambo lile lile linalokausha wino wa chapa, ambao ulikorogwa kwa mafuta ya mbegu za kitani ili ukauke juu ya karatasi. Kinachofaa kwenye karatasi hakifai kwenye shafti.

Mtambo wa namna hii una matundu ya mafuta kila mahali ambapo chuma kinazunguka ndani ya chuma. Tuliyahesabu tukayapoteza hesabu mara mbili, kwa sababu mengi yamezibwa na uchafu hata huyaoni. Njia ni kupangusa kwanza, kuzibua kila tundu kwa waya mwembamba, kisha kutia mafuta ya taa kwa bomba la sindano na kuyaacha yashuke. Asubuhi na jioni, kila siku. Mafuta ya taa huyeyusha gundi. Pale penye kutu hasa tulitumia mchanganyiko ambao mafundi wengi wa mashine za kale wanausifu: asetoni nusu, na mafuta ya giaboksi ya gari la otomatiki nusu. Asetoni ni ile ya kutolea rangi ya kucha, ingawa ya dukani ya kina dada mara nyingi imetiwa vitu vyengine. Tafuta iliyo safi. Ni mchanganyiko unaoshika moto haraka, kwa hivyo madirisha wazi, hakuna sigara, hakuna jiko la mkaa chumba cha pili. Na utikise kila mara kabla ya kutia, maana hujitenga.

Siku ya kwanza gurudumu halikutikisika hata unywele. Siku ya pili hivyo hivyo. Mmoja wa warithi alipita mlangoni akacheka, akauliza kama tunaukanda mtambo kwa mafuta kama mgonjwa wa baridi yabisi. Sikumjibu, kwa sababu alichosema kilikuwa karibu sana na ukweli. Kila baada ya kutia mafuta tulikuwa tukishika gurudumu kwa mikono miwili na kulisukuma kidogo mbele, kidogo nyuma, bila kulitia uzito wa mwili. Kwenda nyuma kuna faida yake: kitu kilichoingia kwa kwenda mbele hutoka kwa kurudi nyuma. Muhimu uwe umelifungua kanyagio kwanza, ndoana yake itoke kwenye shafti, ili gurudumu likiachia ghafla kanyagio lisikupige mguu. Na mtu asiweke mkono kati ya zile taya mbili, hata kwa sekunde, hata kama mtambo umekwama miaka 30.

Siku ya sita lilisogea. Vidole vinne, kisha likasimama.

Hapa ndipo pana elimu ambayo ningependa kila mwenye mtambo aishike, kwa sababu namna mtambo unavyosimama ndiyo inayokueleza ugonjwa wake. Kama gurudumu halisogei kabisa upande wowote, shafti zimeshikwa na gundi au kutu. Endelea na mafuta. Likisogea kwa uzito, kama linapita kwenye ugali, na kila siku likaongeza kidogo, dawa inafanya kazi, usibadilishe kitu. Likisogea kisha likakurudisha, kama unasukuma godoro, kuna kitu kinakandamizwa, aghlabu ni matandiko au kitu laini kilichoanguka kati ya mabamba. Lakini likienda kwa wepesi kisha likagonga na kusimama pale pale, mara zote mahali pale pale, hilo si suala la mafuta tena. Kuna kitu kigumu njiani. Acha kusukuma, chukua tochi utafute.

Letu liligonga. Mbele lilikwenda vidole vinne na kugonga, nyuma halikwenda kabisa. Tulitafuta mahali pa kawaida: vile vidole vya chuma vinavyoshika karatasi, ambavyo vikiachwa vibaya hugonga fremu ya herufi, ndoana za rola, reli, chini ya kanyagio, ambapo mara nyengine huingia kipande cha mbao. Hakuna kitu. Gia kubwa ilikuwa upande wa ukutani, na kati yake na ukuta hapapiti hata mkono. Mjukuu ndiye aliyeleta kioo cha kujipodolea, tukakifunga kwenye kijiti, tukamulika kwa simu.

Chini kabisa, kati ya meno ya gia kubwa na fremu, palikuwa na kabari ya mti. Si kipande kilichoanguka. Ilichongwa vizuri, imezungushiwa kitambaa ili isikwaruze chuma, na imepigwa ndani kwa makusudi. Tulipompandia bibi juu, mjane wa marehemu, na kumweleza, alinyamaza kidogo. Kisha akasema kwamba zamani mmoja wa watoto alicheza na gurudumu na mwenzake alikuwa ametia mkono ndani, akaumia kidole, na tangu siku hiyo babu yao alikuwa akiufunga mtambo kila akimaliza kazi. Nani angejua? Alipougua hakuurudia tena. Na kwa miaka yote hiyo nyumba nzima iliamini mtambo umekufa, kumbe mwenyewe aliufunga tu kama anavyofunga mlango.

Fikiria ile mota ya pampu ya maji.

Kuitoa kabari kulichukua asubuhi nzima, maana mti ulikuwa umevimba kwa unyevu. Hatukuivuta kwa koleo. Tuliitoboa katikati kwa keekee ndogo, matundu matatu, ikalegea, kisha ikatoka kwa vidole. Baada ya hapo gurudumu lilizunguka nusu, likaganda kwenye gundi ya upande ambao haukuwa umepata mafuta, tukarudi kwenye bomba la sindano siku nne nyengine. Kisha lilizunguka duara zima, kwa mkono, na sahani ya wino ikageuka hatua moja juu kama inavyotakiwa.

Wengi mtambo ukizunguka hufurahi na kuanza kazi siku hiyo hiyo. Ngojeni. Mafuta ya taa hulegeza lakini hayalindi. Shafti zikizunguka na mafuta ya taa peke yake zinasagana. Ni lazima kila tundu litiwe oili nzito ya kawaida, nambari 30 inatosha, uzungushe kwa mkono huku uchafu mweusi ukitoka pembeni, upanguse, utie tena, mpaka kinachotoka kiwe safi. Sisi tulitumia kanzu mbili kuukuu kwa kupangusia. Dawa za kupuliza za kopo ni nzuri kwa kufukuza maji na kulegeza, lakini si mahali pa oili. Kutu ya juu iondoe kwa brashi na mafuta, na mabamba mawili usiyapige msasa mkali, kwa sababu yakipoteza usawa wake herufi za upande mmoja zitafifia daima. Baadaye, mtambo wa pwani utake mafuta hata usipofanya kazi. Uzungushe mara moja kwa wiki, na mabamba yapakwe oili nyepesi kabla ya mvua za masika.

Kama una Heidelberg, ile ya mikono inayozunguka na kuchukua karatasi yenyewe, mengi ya haya yanafaa pia, lakini kuna pete ya chuma laini iliyowekwa makusudi ivunjike pale mkandamizo unapozidi, ili chuma kikuu kisivunjike. Itazame hiyo kabla hujafungua mengine, na usiibadilishe kwa pete ngumu ya kuchonga mtaani.

Kuhusu bei, nimeulizwa, nami nasema wazi kwamba sitathmini mali ya mirathi ya watu. Ninachojua ni kwamba mtambo unaozunguka hauuzwi kwa mizani. Wapo watu, hapa na ng'ambo, wanaotafuta mitambo hii kwa kazi, kwa sababu kadi ya arusi iliyopigwa kwa herufi za risasi ina alama unayoweza kuihisi kwa kidole, na mashine za kisasa za kompyuta haziachi alama hiyo. Mjukuu ameshafungua droo za herufi na kuanza kuzipanga upya, glavu mkononi. Rola mpya zimepimwa urefu na unene na sasa tunatafuta wa kuzitengeneza, na hilo si jambo la wiki moja. Warithi hawajaafikiana. Wawili wanataka uuzwe, mmoja anataka ubaki, na mnunuzi wa vyuma ameambiwa arudi Mfungo Mosi.

Kwa sasa mtambo uko pale chini, na kila jioni kabla ya kufunga chumba tunapiga kabari mpya ya mti mahali pale pale, kwa kitambaa kile kile, kwa sababu nyumba bado ina watoto. Tofauti ni moja tu: tumebandika karatasi ukutani inayosema kabari iko wapi.